Mitambo mikubwa ya sola: ukiweka gharama zote mezani, bado inalipa?

Mpima_Mwanga (mleta mada)
Wadau, tuongee umeme wa jua wa mitambo mikubwa, ile ya mamia ya megawati, bila ushabiki wa chama cha sola wala chama cha makaa ya mawe.

Faida zinajulikana. Bei ya paneli iliporomoka kwa karibu asilimia 90 ndani ya muongo wa 2010, na mwaka 2024 sola ilitoa karibu asilimia 7 ya umeme wote wa dunia. Hainunui mafuta. Inajengwa kwa miezi, si miaka kumi kama bwawa au nyuklia. Nishati iliyotumika kutengeneza paneli inarudi ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na paneli yenyewe inaishi miaka 25 hadi 30.

Hasara ndizo watu wanazipiga chenga: usiku, mawingu, betri, na laini ndefu za msongo mkubwa, kwa sababu jua zuri mara nyingi haliko waliko wateja. Swali langu: ukizitia gharama hizo zote ndani ya bei ya uniti moja, mtambo mmoja mkubwa bado unashinda paneli hizo hizo zikitawanywa juu ya mapaa?

Ardhi sijaiweka kwenye orodha maana sioni kama ni jambo kubwa. Ni hekta mbili hivi kwa megawati, na mara nyingi ni nyika ambako hakuna kitu zaidi ya mbuzi.

Fundi_Waya
Kabla hamjaanza kuparurana, tofautisheni megawati (uwezo wa mtambo) na uniti (umeme uliotoka). Megawati 100 za kwenye bango la uzinduzi zimepimwa maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, paneli ikiwa nyuzi 25. Nje penye jua kali paneli inafika nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi 25 inakula asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Zaidi ya sehemu moja ya kumi imeshaondoka na vumbi bado halijatua. Ukichukua mwaka mzima, usiku na mchana, mtambo ulio mahali pazuri hutoa kama robo ya kilichoandikwa kwenye bango. Ujerumani ni kama asilimia 10 tu, na bado wamejenga.

Jenereta_Milele
"Na bado wamejenga." Mwenye hela hujenga hata ujinga.

Ng'ombe_Kumi
Nimesoma vizuri mpaka "hakuna kitu zaidi ya mbuzi". Hapo nikaweka simu chini, nikaichukua tena.

Mkuu Mpima, wewe unahesabu hekta za ndani ya uzio. Mfugaji hahesabu hivyo. Malisho ya kiangazi ni yale ambayo masika huyagusi, unayaacha yajiotee, ndiyo maana ukipita na gari unaona hakuna mtu. Ukizungushia uzio pale hujachukua hekta elfu moja tu, umechukua miezi mitatu ya mwaka, ile mibaya. Uzio ukikata njia ya kwenda kwenye maji, kundi linazunguka kutwa nzima, na huo mzunguko sijauona kwenye hesabu yako ya uniti. Mtambo wa Bhadla kule Rajasthan, India, ni zaidi ya megawati 2,200 kwenye kilometa za mraba hamsini na kitu. Kila anayeusifia mtambo ule anaanza kwa kusema ni jangwa lisilokalika. Waliokuwa wanachunga pale walikuwa wanaelea hewani?

Mpima_Mwanga
Ndugu yangu, sijamdharau mtu. Nimesema mbuzi, sijasema wenye mbuzi. Na hilo lina dawa: malisho na sola eneo moja. Wazo si geni, Wajerumani wawili, Goetzberger na Zastrow, walilitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unainua paneli, unaacha nafasi katikati, chini kunabaki majani na kivuli. Mbuzi wanakula, umeme unatoka.

Ng'ombe_Kumi
Mbuzi chini ya paneli. Jamani, huyu amewahi kukutana na mbuzi akiwa hai?

Mama_Zizi
Nimecheka peke yangu kama mwehu. Mbuzi hatakaa CHINI ya paneli, baba. Atakaa juu. Paneli imeinama vizuri, ina joto asubuhi, utadhani imetengenezwa kwa ajili yake. Akishuka anatafuna waya. Wanaofuga ndani ya mashamba ya sola, Marekani na Australia, wanaweka kondoo, na sababu ni hiyo.

Fundi_Waya
Nathibitisha. Kioo kinaweza kustahimili kwato, lakini seli zilizo ndani ni nyembamba mno, zinapata nyufa usizoziona kwa macho. Nguvu inaanza kushuka na unabaki kumlaumu mtengenezaji.

Jenereta_Milele
Kwa hiyo mradi wa mabilioni unategemea nidhamu ya mbuzi. Endeleeni, nasoma.

Mpima_Mwanga
Sawa, kondoo basi! Hoja inabaki pale pale.

Mama_Zizi
Haibaki pale pale. Kondoo ni wa majani, mbuzi ni wa vichaka. Penye vichaka ukileta kondoo utawafuga kwa magunia ya chakula. Na usije ukasema ng'ombe, maana ng'ombe anajikuna. Nguzo iliyopigiwa hesabu ya upepo haikupigiwa hesabu ya fahali mwenye kupe. Itabidi uinue paneli na unenepeshe vyuma. Andika hiyo kwenye bei ya uniti.

Halafu kuna jambo hamlisemi. Kule kwenye kondoo, kampuni ya sola ndiyo inayomlipa mchungaji, kwa sababu kondoo wanaiokolea gharama ya kufyeka. Hapa kwenye uzi huu mchungaji anapewa ushauri.

Mpima_Mwanga
Naomba turudi kwenye mada.

Ng'ombe_Kumi
Mada ni gharama. Wewe ndiye uliyesema ardhi haina gharama.

Dada_Hesabu
Nimesoma yote mpaka hapa, hakuna aliyemjibu mleta mada kuhusu mapaa. Ngoja nijaribu.

Kwa kila wati, paa ni ghali, mara mbili au zaidi. Sababu si paneli, paneli ni ile ile. Ni fundi, ngazi, kibali na ukaguzi kwa paneli kumi badala ya laki mbili. Pili, mtambo mkubwa paneli zake zinazunguka kufuata jua toka asubuhi hadi jioni, paa lako haligeuki. Upande wa pili, paa halihitaji ardhi mpya wala laini ndefu. Na laini si mchezo. Ule mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, mitambo ilikuwa imesimama tayari mapema 2017 ikasubiri waya mpaka Septemba 2018. Upepo unavuma, umeme hauendi popote, na mkataba unadai ulipwe. Ni upepo, najua, lakini waya hauulizi umeme umetoka kwa jua au kwa upepo.

Kuhusu hewa chafu, jopo la kisayansi la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi mwaka 2014 liliweka sola ya mitambo mikubwa kwenye gramu 48 kwa uniti kwa maisha yake yote, makaa ya mawe 820. Hapo sioni mjadala.

Pasua_Kichwa
Huo huo mradi wa Turkana, mahakama ya Meru mwaka 2021 ilisema hati za ardhi zilipatikana kinyume cha sheria. Dada umesoma nusu ya habari, ile ya waya.

Dada_Hesabu
Nilikuwa naongelea waya.

Ng'ombe_Kumi
Pasua_Kichwa nakupa soda.

Jenereta_Milele
Mnabembelezana na mbuzi wakati jambo kubwa liko wazi. Tarehe 28 Aprili 2025, mchana, jua limewaka, Uhispania na Ureno zikazimika zote. Treni zimesimama, watu wamekwama kwenye lifti. Sola ilikuwa inatoa zaidi ya nusu ya umeme wa Uhispania saa ile. Niambieni tena kuhusu gramu 48.

Kobe_Mzee
Na ile ya California inayochoma ndege! Ivanpah. Ndege anapita juu anashuka amekaangwa. Na waliwahamisha kobe wa jangwani mamia ili wajenge. Hiyo ndiyo nishati safi yenu.

Fundi_Waya
Kobe, Ivanpah si paneli. Ni vioo vinavyomulika juu ya minara mitatu kuchemsha maji, mvuke uzungushe tabo (mashine ya kuzalisha umeme). Ilifunguliwa 2014, na asubuhi inawashwa kwa gesi. Teknolojia hiyo imeachwa nyuma na paneli kwa bei, si kwa sababu ya ndege. Jirani yake kule Nevada, Crescent Dunes, ilikuwa inahifadhi joto kwenye chumvi iliyoyeyushwa, tangi likavuja 2016, kampuni ikafilisika 2020. Ukitaka kuishambulia sola, shambulia hii inayojengwa leo.

Kobe_Mzee
Kobe walihamishwa au hawakuhamishwa?

Fundi_Waya
Walihamishwa.

Kobe_Mzee
Ahsante.

Mtu_wa_Gridi
Jenereta_Milele, huo uongo wa nusu ukweli umenichosha, nitakujibu mara moja tu.

Kilichoangusha gridi ya Uhispania ni volteji kupanda kupita kiasi. Volteji ikapanda, mitambo ikajikata ili ijilinde, kujikata kwake kukapandisha volteji zaidi, mingine ikajikata. Imekwisha ndani ya sekunde chache. Ripoti ya serikali yao ya Juni mwaka ule haikusema jua limewaka mno. Ilimlaumu mwendesha gridi kwa kupanga mitambo michache ya kushika volteji siku ile, na ikalaumu mitambo ya kawaida, yenye tabo na inayolipwa kwa kazi hiyo, kwa kutoifanya ipasavyo. Mitambo mingi ya sola ilikuwa haishiki volteji kwa sababu kanuni za wakati ule hazikuitaka ishike. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uingie kwenye gridi, ina uwezo huo. Hakuna aliyeiagiza.

Usilete habari ulizookota kwenye video ya dakika mbili.

Jenereta_Milele
Kwa hiyo umekubali: sola ilikuwepo kwa wingi, haikushika volteji, nchi ikazimika. Asante kwa maneno mengi.

Mtu_wa_Gridi
Ndiyo ninyi mnaomlaumu abiria kwa ajali kwa sababu alikuwemo ndani ya basi.

Jenereta_Milele
Abiria aliyechukua nusu ya viti na hashiki breki.

Dada_Hesabu
Breki haziko kwenye viti, jamani. Mtu_wa_Gridi, wewe unayejua, eleza gharama ya kushikisha hiyo volteji, maana hiyo ndiyo inayoingia kwenye hesabu. Ugomvi wenu hauingii.

Mtu_wa_Gridi
Nitaeleza, ila kwako, si kwa huyo.

Inveta kushika volteji ni jambo la kanuni na programu zaidi kuliko vyuma, gharama yake ndogo. Kinachouma ni kingine. Mitambo yote ya sola ya eneo moja inazalisha saa zile zile. Ya kwanza kujengwa inauza saa sita mchana kwa bei nzuri. Ya mia moja inakuta soko limejaa, bei imeshuka hadi sifuri, na Ujerumani kuna siku inashuka chini ya sifuri, yaani unalipa ili mtu auchukue umeme wako. Jua likizama watu wamerudi nyumbani, wamewasha kila kitu, na mitambo mingine yote inatakiwa ipande kwa kasi ndani ya saa tatu. Waendesha gridi wa California walichora mkunjo huo mwaka 2013, unafanana na bata, jina likabaki hilo.

Kwa hiyo bei ya uniti inayotajwa kwenye matangazo ni bei ya kuzalisha. Thamani ya uniti hiyo kwa gridi inashuka kadiri sola inavyozidi. Betri ndiyo inayoihamisha ile ya mchana ikaenda jioni, na betri nazo zimeshuka bei sana: California sasa ina zaidi ya gigawati 10 za betri, na jioni nyingine ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo. Lakini hizo ni betri zinazotoa umeme kwa muda wa saa nne hivi. Wiki nzima ya mawingu hazikufikishi. Hapo unabaki na bwawa, gesi, au laini ya kwenda mahali ambako hakuna mawingu.

Mpima_Mwanga
Hili ndilo nililolitafuta toka mwanzo. Mkuu endelea: kwa kiwango gani cha sola thamani inaanza kushuka?

Pasua_Kichwa
Kabla hajaendelea, silikoni, malighafi ya seli za paneli, mmeisahau? China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya kutengeneza paneli, na sehemu kubwa ya silikoni ile imetoka Xinjiang, ambako Marekani ilitunga sheria mwaka 2021 kuzuia bidhaa kwa hoja ya kazi za kulazimishwa. Mnaposema bei imeshuka asilimia 90, nani alikatwa hiyo 90?

Fundi_Waya
Nyingi imekatwa na viwanda kuwa vikubwa, vipande vya silikoni vya kutengenezea seli kuwa vyembamba, na ufanisi kupanda. Seli ya kwanza ya maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1954 ilikuwa na ufanisi wa asilimia 6 hivi, paneli ya leo sokoni ni 20 na zaidi. Sisemi suala la Xinjiang ni uongo. Nasema haliwezi kubeba asilimia 90 yote.

Pasua_Kichwa
Na kumi ikibeba, ni sawa?

Fundi_Waya
Sijasema hivyo, usinilishe maneno.

Kobe_Mzee
Na taka je? Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilikadiria tani milioni 78 za paneli chakavu ifikapo 2050. Zina madini ya risasi ndani. Nyingine zina kadimiamu, nayo ni sumu.

Dada_Hesabu
Hizo milioni 78 ni jumla ya miaka yote mpaka 2050, dunia nzima. India peke yake inatoa majivu ya makaa ya mawe zaidi ya tani milioni 200 kwa mwaka MMOJA. Kadimiamu iko kwenye aina moja ya paneli, ya filamu nyembamba, ambayo ni sehemu ndogo ya soko. Sehemu kubwa ya uzito wa paneli ni kioo na alumini. Hiyo haimaanishi zitajiokota zenyewe. Kuzitenganisha kunagharimu kuliko kinachopatikana ndani, ndiyo maana zinatupwa. Kwa hiyo fedha ya kuziondoa itengwe siku ya kwanza, benki, jina la mtu mwingine.

Jenereta_Milele
Hata ikulu ya Marekani waliweka sola, Rais mwingine akaja akaing'oa. Umeme wake haukutosha hata kuwasha taa.

Fundi_Waya
Zile za Rais Carter za mwaka 1979 zilikuwa za kupasha maji. Hazikuwahi kutoa umeme hata wati moja.

Jenereta_Milele
Ndiyo nilichosema. Haukutosha.

Ng'ombe_Kumi
Dada_Hesabu amegusa kitu, fedha ya kuondoa itengwe siku ya kwanza. Hapo ndipo napotaka tukae, hayo ya ikulu waachieni wenye ikulu.

Mimi si mpinzani wa sola. Paneli ninayo, ndiyo inayochaji simu hii ninayowatukania. Ninachokataa ni huu mtindo: mtambo wa miaka 30 unakuja, ardhi inauzwa mara moja kwa bei ya nyika, anayeuza anakula hela miaka miwili, umeme unapita juu ya kichwa chake unakwenda mjini, na mwaka wa 31 kampuni haipo na vyuma vipo. Ardhi ikodishwe, isiuzwe. Kodi ipande kila mwaka. Na uzio uache njia ya mifugo ifike kwenye maji.

Mpima_Mwanga
Kodi naikubali, kwenye hesabu haibadilishi sana. Njia katikati ya mtambo ni jambo jingine. Nyaya zikatwe, uzio uwe mara mbili, mlinzi wa ziada. Nani atalipa?

Fundi_Waya
Si kubwa hivyo. Mtambo mkubwa umeshagawanywa vipande, kila kipande na inveta yake. Unaacha pengo kati ya vipande viwili, unavuka na kebo moja ya msongo wa kati ardhini. Njia ya gari la matengenezo ipo tayari kwenye mchoro, mita tano au sita, unaipanua.

Mama_Zizi
Mita sita? Kundi la mia tatu, lina kiu, limesikia harufu ya maji? Watalala juu ya uzio wako. Weka hamsini.

Mpima_Mwanga
Hamsini ni hekta tano kwa kila kilometa moja. Hapo nimepoteza megawati mbili na nusu.

Mama_Zizi
Kati ya ngapi?

Mpima_Mwanga
Tuseme mia mbili.

Mama_Zizi
Zitoe.

Jenereta_Milele
Subirini kwanza, hiyo mia mbili ni ya kwenye bango au ile robo?